Niliijua tamthilia nzima kichwani, filamu yake ikanionyesha nilichomfanyia baba yangu mdogo

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Niko Gitega, Burundi. Mvua imenifungia karakanani, mbao zimelowa, hakuna kazi ya maana. Nimeona leo niutue huu mzigo. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sitatia chumvi. Ningekuwa na ruhusa ya kupunguza ningepunguza, maana sehemu kubwa inaniaibisha.

Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka apite, sitamlaumu.

Stori inaanzia kwenye filamu.

Kuna tamthilia moja ya zamani ya Kiswahili, imeandikwa na mtu wa mikoa hii yetu ya maziwa makuu. Jina silitaji. Nawajua watu wa humu, uzi utageuka ubishi wa nani aliisoma kidato gani.

Inahusu ndugu wawili. Mdogo anaondoka nyumbani, anakaa ugenini miaka mingi, anarudi kudai nafasi yake. Kaka yake anampokea kwa maneno matamu. Sehemu ya tatu wanakaa kunywa pombe ya ndizi. Kaka anampa kibuyu, mdogo anakunywa, anakufa. Ilikuwa na sumu.

Hiyo tamthilia mimi naihesabu ni yangu. Mtu akiisema vibaya napandisha presha.

Wazazi wangu walikimbilia Tanzania wakati wa vita, mimi nikiwa mgongoni. Nimekulia kambini, upande wa Kigoma, mpaka nikaota ndevu. Mama tulimzika huko huko.

Shuleni kambini tulikuwa na mwalimu anaitwa Deo, mkimbizi mwenzetu. Aliazima kitabu cha hiyo tamthilia kwa mwalimu wa kijiji cha jirani, tukapewa siku tano tu. Wanafunzi wanne tukakaa kukinakili kwa mkono.

Madaftari yalikuwa ya msaada na yalikuwa machache. Ili kubana karatasi, tukanakili yale wanayosema wahusika tu. Maelezo ya kwenye mabano, nani kaingia, nani kakaa, nani kashika nini, tukayaruka yote. Mwalimu mwenyewe aliruhusu. Alisema hayo tutayatafuta wenyewe tukifika stejini.

Mimi nikapewa kuwa kaka. Wakuu, niliimeza ile tamthilia. Nilijua maneno yangu na ya wenzangu wote. Mpaka leo ukinigusa usingizini naanza popote.

Siku ya kuonyesha, kambi nzima ilijaa. Nilipofika pale pa kibuyu, nikakichukua, nikakunja magoti kidogo, nikakinyoosha kwa mikono miwili kwa mdogo wangu: "Chukua, ndugu yangu. Kunywa."

Wazee waliokaa mbele wakaguna. Mguno mzito, wa watu wengi kwa pamoja.

Nilijua wameguna kwa sababu naigiza vizuri. Hiyo stori nimeitamba miaka mingi sana. Mke wangu ameisikia mpaka akikisia naianza anaondoka.

Sasa, mwaka huu vijana wa hapa Gitega wakaitengeneza filamu. Walipigia picha vilimani, upande wa Itaba, wakatangaza kuionyesha Jumamosi alasiri kwenye ukumbi mmoja pale Mushasha. Mimi nilikuwa wa kwanza kununua tiketi mtaani kwetu Yoba. Nikamchukua na mke wangu, Goreti.

Goreti ni mtu wa Itaba. Hajawahi kutoka Burundi na hajaisoma hiyo tamthilia. Yeye alikuja kuangalia kama ataona nyumba ya shangazi yake kwenye skrini.

Filamu ikaanza, na mimi nikaanza kukasirika.

Kwanza lugha. Wahusika wanaongea Kiswahili cha mtaani cha huku. Kaka, mtu mzima, mwenye maneno mazito kitabuni, anasema "mi iko hapa nakungoja". Nikasonya.

Pili, wamekata maneno. Wamekata sana. Kuna yale maneno marefu ya kaka peke yake kabla mdogo wake hajafika, yale niliyokuwa nikiyasema watu wanalia. Hayapo! Badala yake wameweka mtu anaosha kibuyu. Anakiosha, anakikung'uta, anakigeuza juani, dakika nzima hakuna neno. Nikaanza kuyasema mwenyewe kwa sauti ya chini, Goreti akanifinya paja.

Halafu ikafika pale pa kunywa.

Kwenye skrini kaka amekaa, mdogo amekaa. Kaka anamimina. Anakishika kibuyu kwa mikono miwili. Anakinyoosha.

Ukumbi mzima ukashtuka. "Eeeh!" Mama mmoja nyuma yangu akasema "Yesu wangu" kwa Kirundi. Goreti akashika mkono wangu.

Mimi sikuelewa wameshtukia nini. Sumu ilikuwa bado haijafanya kazi.

Mdogo naye hanywi. Anakitazama kibuyu muda mrefu, anamtazama kaka yake usoni, anakitazama tena. Ndipo anakunywa, taratibu, mpaka tone la mwisho.

Hapo nikapandisha kabisa. Mdogo hajui kama kuna sumu! Kitabuni anakunywa mara moja, kwa furaha, ndiyo maana inauma. Hawa wamemfanya ajue na anywe hivyo hivyo. Wameharibu moyo wa tamthilia yenyewe.

Filamu ikaisha, taa zikawaka, wakasema kuna muda wa maswali. Mnanijua tayari. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hawajamaliza sentensi.

Nikasimama nikaongea. Nikawaambia mimi hii kazi nimeigiza, naijua neno kwa neno, wao wameongeza vitu ambavyo mwandishi hakuviweka. Kwa nini mdogo anajua? Ameambiwa na nani? Nioneshwe huo mstari. Nikaongea mpaka watu wakaanza kukohoa.

Aliyeiongoza ni binti mdogo tu, ana miwani. Aliniacha nimalize. Halafu akatoa kitabu kwenye mkoba, kitabu chenyewe, kizee, jalada limeshikwa na gundi.

"Papa, pardon," akasema. "Mi sikuongeza kitu. Iko ndani."

Akafungua, akasoma yale ya kwenye mabano:

"Anampa kibuyu bila kuonja. Mdogo anaona. Anakunywa."

Sentensi tatu. Sikuwahi kuzisikia maishani.

Ningekaa chini hapo ningekuwa nimeokoa heshima kidogo. Mimi nikauliza, kwa maikrofoni, "Bila kuonja ndiyo nini?"

Watu wakacheka. Kuna mzee mmoja akauliza jirani yake, kwa sauti, "Uyu alikomalia wapi?" Akimaanisha nimekulia wapi.

Yule binti hakucheka. Akanieleza polepole. "Kwetu, mwenye kutoa pombe anakunywa wa kwanza, mbele ya mugeni. Mugeni aone ni safi. Kama hajaonja, papa, ni kama amekwisha kukwambia."

Nikakaa.

Pale nilipokaa nilikuwa na aibu ya kawaida tu, ya mjuaji aliyeumbuliwa mbele za watu. Nikajiambia yataisha. Tukatoka, tukaanza kutembea kurudi Yoba. Nilikuwa najitetea njia nzima, namlaumu Mwalimu Deo, nalaumu madaftari ya msaada.

Tulipofika karibu na nyumbani Goreti akasimama.

"Ile siku ya baba yako mudogo," akasema. "Ile ya kupatana. We ulionja?"

Wakuu, ngojeni niwaeleze hiyo siku.

Amani iliporudi, sisi wa kambini tukarudishwa. Mimi na baba tulishushwa Muyinga, kwenye kilima chetu. Mimi kilima hicho nilikuwa sikijui, baba alikuwa akinisimulia tu.

Shamba la baba lilikuwa linalimwa na mdogo wake, Melkiyori. Yeye hakukimbia. Alikaa vita vyote pale pale, akazika watoto wawili, akalima sehemu yake na ya baba. Mnaelewa hali ilivyokuwa, mambo haya yametokea kila kilima. Aliyekaa anasema nimelilinda kwa damu. Aliyerudi anasema ni la kwangu.

Walivutana mwaka mzima. Mwishowe abashingantahe, ndio wazee wanaosuluhisha watu kilimani, wakaligawa. Melkiyori akabaki na la chini, sisi tukapata la juu. Wakasema, mlipewa nyinyi, kwa hiyo nyinyi mlete pombe. Ndugu wawili wakinywa pamoja mbele ya mashahidi, kesi imekwisha, na asiifufue mtu.

Kuna jambo moja la baba ambalo kilima hakikulijua. Baba alikuwa haoni. Macho yalianza kufunga kambini, na tulivyorudi alikuwa anatofautisha mchana na usiku tu.

Alinikataza kumwambia mtu yeyote. Alisema asiyeona nani atamwamini akionyesha mpaka? Alikuwa anatembea mkono wake uko begani kwangu, kama mzee aliyechoka. Akiongea na mtu alikuwa anageuza uso kwenye sauti na kufungua macho vizuri. Usingejua. Mipaka aliionyesha kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye chemchemi, na wote wakakubali kwamba ameonyesha sawasawa.

Siku ya kupatana, baba akaniambia nimimine mimi. Nilikuwa mwanaye wa pekee aliye hai, ilikuwa heshima. Kumbe na yeye asingeweza bila kumwaga.

Sasa mimi nimekulia kambini. Kambini kipindupindu kilipita mara ngapi sijui. Kitu cha kwanza tulichofundishwa na watu wa afya ni kwamba kikombe cha mwenzako huweki mdomo. Ukimpa mkubwa kinywaji unampa kikiwa hakijaguswa. Kukigusa na mdomo wako ndiyo matusi.

Kwa hiyo nikamimina. Na kwa kuwa ilikuwa siku kubwa, na mashahidi wamekaa, na mimi nilitaka baba ajivunie, nikafanya kama nilivyokuwa nafanya stejini. Nikakunja magoti kidogo. Nikakinyoosha kibuyu kwa mikono miwili. Nikasema, "Chukua, baba mdogo. Kunywa."

Hata maneno nilitumia yale yale. Nilikuwa najionea fahari.

Melkiyori akakipokea. Akakitazama. Akamtazama baba muda mrefu. Baba alikuwa anatabasamu.

Akakiweka chini, akasimama, akaondoka. Mashahidi wakaangalia chini. Mmoja mmoja wakaaga.

Baba akaniuliza, "Kasema nini?"

"Hajasema kitu. Kaweka chini kaondoka."

"Kanywa?"

"Hajanywa."

Baba akasema, "Basi."

Mtaniuliza kwa nini baba hakuniuliza kama nilionja. Nimelifikiria hilo sana. Kwake lilikuwa jambo la kawaida mno, ni kama angeniuliza kama nilivaa suruali kabla ya kutoka. Na kwa nini wale mashahidi hawakusema kitu? Goreti ndiye aliyenieleza. Anayesema "mbona huonji" amekuita muuaji mbele ya watu. Hilo neno likitoka halirudi. Kwa hiyo watu wananyamaza, wanaondoka, na wanakujua hivyo siku zote.

Tuliishi pale msimu mmoja. Melkiyori alikuwa akituona anageuza njia. Watu wengine wakapunguza kutusalimia, na mimi nikasema hawa wanatuchukia kwa sababu tumetoka Tanzania. Nikakasirika, nikalikabidhi shamba kwa jirani alilime, nikamchukua baba tukahamia Gitega. Nikafungua karakana, nikaoa. Goreti ndiye aliyemuuguza baba, alimlisha kwa mkono wake.

Baba alikuwa anamtaja Melkiyori karibu kila siku. Walivyokuwa wakichunga mbuzi, walivyoanguka mtini. Nilikuwa namkatisha. Namwambia huyo ndiye aliyekataa pombe yako, achana naye.

Baba alikufa mwaka wa tatu.

Na hapa wakuu ndipo penye aibu yenyewe. Goreti alisema tumtume mtu Muyinga kwa ndugu yake. Nikakataa. Nikasema mtu aliyeshindwa kunywa na baba akiwa hai hana cha kuja kumfanyia akiwa amekufa. Nikakataza mtu yeyote kupiga simu. Tukazika bila yeye, hapa hapa mjini, na mimi niliona nimemlipia baba kisasi.

Sasa rudini barabarani Yoba, jua linakwenda kuzama, mke wangu amesimama ananitazama. We ulionja?

Nikasema sikuonja.

Goreti hakunipa pole. Akasema, "Donc, kumbe miaka yote wanajua ulienda kumuua." Akaingia ndani. Mimi nikabaki nimekaa kwenye jiwe la jirani, nimeshika tiketi ya filamu.

Nikalia, wakuu. Sioni sababu ya kuficha. Nililia kwa sababu niliona ile sura ya kwenye skrini, mdogo anakitazama kibuyu halafu anamtazama kaka yake. Nilishaiona ile sura kabla, kwa macho yangu, hatua mbili kutoka kwangu, na sikujua ninatazama nini.

Wiki ya pili tukapanda basi kwenda Muyinga kwa baba mdogo, mimi na Goreti. Tulinunua urwarwa, ile pombe ya ndizi, dumu moja zuri. Safari nzima Goreti alinifundisha kama mtoto. Unaonja wewe kwanza. Unameza, usijifanye. Aone koo lako linashuka.

Binti wa Melkiyori, Onorata, ndiye aliyetupokea, mwanamke mzima sasa. Alinitambua, akasita mlangoni kwanza. Akamwita baba yake atoke shambani.

Melkiyori amezeeka. Amekuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alinawa mikono, akaketi, akanitazama.

"We ndiyo ule wa kibuyu," akasema.

Aliniongelesha Kiswahili. Mzee wa kilimani akikuongelesha Kiswahili wakati nyote mnajua Kirundi, amekwisha kukuweka upande wa wageni.

Sikubisha. Nikamimina. Nikanywa mbele yake, funda kubwa, nikameza. Nikampa.

Hakupokea.

"Umejifunza wapi ile?"

"Kwenye filamu, baba mdogo."

"Filamu," akarudia. Akamtazama Onorata, akanitazama tena, akaona sitanii.

Nikamweleza yote. Kambi, kipindupindu, vikombe. Nikamwambia sikujua, na baba hakunituma. Nilipiga magoti wakati naongea, chini kwenye vumbi, na sikuona vibaya.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaongea bila hasira, na hiyo iliniumiza kuliko angenifukuza.

"Mi sina shida na we. Ulikuwa mutoto wa kambi, nilisema labda hajui. Mi nilikuwa naangalia kaka yangu. Nilisema, yeye anajua. Kama mutoto amekosa, yeye atasema leta, nionje mi mwenyewe. Nikangoja. Akaniangalia apa, usoni, na alikuwa anacheka. Donc nikasema, ni yeye ametuma."

"Baba alikuwa haoni, baba mdogo."

"Unasema?"

"Alikuwa kipofu. Toka kambini."

"Non." Akatikisa kichwa. "Alionyesha mipaka na fimbo. Mi nilikuwepo."

"Alihesabu hatua kutoka kwenye chemchemi. Mimi nilikuwa namshika."

Akamgeukia Goreti, kama anatafuta shahidi. Goreti akasema, "Ni kweli, papa. Mi nilimukuta haoni. Nilikuwa namulisha na mikono yangu."

Nikamtazama Melkiyori. Niliona midomo yake inahesabu, sijui alikuwa anahesabu hatua au miaka.

"Sasa alikuwa anacheka nini?"

Hilo nililijua. Nikamwambia, "Alikuwa anakusikia wewe. Ulipofika uliwasalimia wale wazee. Baba akanibana mkono akasema, sauti yake ni ile ile."

Mzee akashika goti lake kwa mikono yote miwili. Onorata akaanza kulia akiwa amesimama.

Halafu akauliza, "Mulimuzika, hamukunitumia mutu. Kwa nini?"

Goreti alifungua mdomo anisaidie. Nikamwahi.

"Nilikataza mimi."

Akaitikia kwa kichwa. Alinyanyuka, akachukua jembe lake, akateremka kwenye shamba la chini. Tulimwona amesimama katikati ya migomba, hajalima hata jembe moja. Tulingoja mpaka basi la mwisho likawa linakaribia kutuacha. Hakurudi. Onorata akatuambia, "Mwende tu."

Dumu tuliliacha pale, na kibuyu juu yake, pombe niliyoionja bado imo.

Sasa nimalizie.

Somo nililopata siwezi kulipamba. Mimi nilikuwa najua maneno yote nikadhani najua mambo yote. Wenzangu mliokulia ugenini mkarudi, hasa mnaojiona mnajua lugha na mna vyeti na mna tamthilia kichwani, ulizeni. Ulizeni hata kitu cha kijinga, jinsi ya kumpa mtu kinywaji. Aibu ya kuuliza inaisha siku hiyo hiyo. Na nyinyi mliobaki nyumbani, mkituona tunakosea tuambieni, jamani. Baba yangu na ndugu yake wamepotezana kwa sababu kilima kizima kiliangalia chini.

Kuhusu filamu, nilirudi kuiangalia mara ya pili, peke yangu. Ni nzuri. Nimemwomba radhi yule binti. Yale maneno marefu ya kaka hayakuwa na kazi pale.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Juzi Onorata kanitumia ujumbe:

"Muzee anasema ukuje siku ya Mungu. Usilete pombe."

Yaani Jumapili. Nimemsomea Goreti mara tatu. Anasema inaweza kuwa mzee amepika yake, anataka anioneshe yeye anavyoonja. Anasema pia inaweza kuwa hataki pombe ipite tena kati yetu mpaka afe, ananiita aniambie hivyo mbele ya mashahidi. Hajui ni ipi. Yeye ni wa Itaba, anasema watu wa Muyinga wana yao.

Leo ni Alhamisi. Safari hii nauliza kabla sijakwenda.

Wenyeji wa Muyinga, na wazee wote mlio humu: mtu akikuambia uje na usilete pombe, unakwendaje? Mikono mitupu kabisa, au kuna kitu kinabebwa? Nikifika nakaa wapi? Nani anaanza kuongea?

Nitukaneni mkitaka, mna haki. Ila msininyamazie.